Mjomba Alitoa Meka Moja

Januari ni mwezi mbaya katika bonde la Lufira. Mvua inanyesha, mahindi shambani yamesimama mabichi bila punje, na ghala za mwaka uliopita zimebaki na makapi na mavi ya panya. Huku Lukafu, chini ya Kundelungu, katika eneo la Kasenga, malori hupakia mahindi na makala kwenda Lubumbashi. Lakini ikifika Januari, hata mkulima huulizia bei ya unga kama mtu wa mjini.

Kuna kisa ambacho hakuna kijiji cha bonde hili kisichokijua. Mpwa ametoka Lubumbashi. Kazi imemwishia, nyumba ya kupanga inadaiwa, mke na watoto wanne wamebaki Katuba wanamsubiri. Anafika kwa mjomba, ambaye ghala lake bado lina magunia. Mjomba anampokea vizuri: bukari, sombe, samaki wa Luapula, mkeka na blanketi. Siku ya tatu anachukua meka, lile kopo ambalo kwalo Katanga nzima hupimiana mahindi na unga, anaijaza mara moja, anaimimina katika mfuko wa mpwa na kumtakia safari njema. Kwa nyumba ya watu sita, meka moja haifikishi siku ya tatu.

Je, mjomba huyo ni mchoyo? Na kwa kuwa Jumapili atakaa kanisani kiti cha mbele, ni Mkristo wa namna gani? Nimewaweka watu wanne wabishane. Ni wa kubuni, ndiyo maana hawana majina, lakini hoja zao zinasafiri kila siku kati ya Lukafu na soko la Kenya, Lubumbashi. Kijana ni fundi wa pikipiki, ameokoka, husali katika kanisa la uamsho. Mama anauza unga, ni Mmetodisti. Mzee alifanya kazi Gécamines kule Likasi, kisha akarudi kulima. Katekista ni katekista, na hiyo inatosha. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

KIJANA: Sitazunguka. Huyo mjomba yumo ndani ya Luka sura ya 12. Ni yule tajiri aliyebomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, akaiambia nafsi yake ipumzike na kula, na usiku uleule roho yake ikatakwa. Kanisa la kwanza la Yerusalemu hawakupimiana kwa meka. Waliuza mali, wakagawiana kila mtu kadiri ya haja yake. Ukishampa Yesu maisha yako, ghala si lako tena.

MAMA: Mwanangu, umeishia Matendo sura ya 4. Ingia ya 5. Petro anamwambia Anania kwamba kiwanja kilikuwa chake kabla hajakiuza, na hata baada ya kukiuza, pesa ilikuwa mkononi mwake. Hakuanguka kwa sababu aliweka kitu. Alianguka kwa uongo: alitaka sifa ya mtu aliyetoa vyote, huku sehemu ameificha. Mjomba hakudanganya mtu. Alisema, hiki ndicho nitakachokupa.

KIJANA: Kwa hiyo ukisema kweli, ndugu yako anaweza kulala njaa?

MAMA: Sijasema hivyo. Nimesema kosa ulilomshtaki nalo silo alilotenda. Tafuta lingine, pengine utalipata.

KATEKISTA: Baba mmoja wa Kanisa la kale, Askofu Basili wa Kaisaria, alihubiri juu ya tajiri huyohuyo wa Luka 12 katika mwaka wa njaa, karne ya 4. Alishikilia kwamba mkate uliofungiwa kabatini ni wa mwenye njaa, na nguo iliyokunjwa sandukuni ni ya aliye uchi. Kwake, kunyima haikuwa upungufu wa ukarimu. Ilikuwa wizi.

MAMA: Basili alikuwa na watoto wangapi, Papa Katekista?

(Kicheko. Lakini swali si la mzaha, na Katekista hakulijibu.)

MZEE: Niacheni niseme habari za watu waliopewa kila kitu. Union Minière ilianzishwa 1906, serikali ikaichukua 1967, baadaye ikaitwa Gécamines. Jina lilibadilika, maisha hayakubadilika sana. Nyumba ya kampuni, shule ya kampuni, hospitali ya kampuni, unga kila mwezi kwa hesabu ya watoto. Tulisema kampuni ni baba na mama. Pale Chuo Kikuu cha Lubumbashi yuko mwanahistoria, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliyetoa kitabu mwaka 2001. Kichwa chake kinatuita Bana Shaba walioachwa na baba yao. Ndivyo ilivyokuwa. Mshahara ukaanza kuchelewa, kisha ukakoma. Mwaka 2003 Benki ya Dunia ikatoa pesa, tukaambiwa tuondoke kwa hiari. Hiari ya mtu ambaye hajalipwa miezi na miezi! Zaidi ya 10,000 tulitia sahihi, kila mtu na bahasha yake.

KIJANA: Na wewe bahasha yako ulifanya nini, Papa?

MZEE: Nilitoa, mwanangu. Habari ilifika kwa ndugu kabla yangu. Mahari ya huyu, kilio cha yule, sadaka kanisani nikiwa nimesimama mbele ya watu wanapiga makofi. Waliniita mkarimu, na mimi nikaona raha. Jirani yangu, aliyepata bahasha kama yangu, alikuja huku akanunua mbegu na mbolea. Hakumpa mtu hata franga. Tulimsema mpaka midomo ikauma. Mwaka wa pili watoto wangu walikuwa wanakula kwake. Sasa niambieni, kati yetu wawili nani alikuwa mchoyo?

Hapa sikuweza kunyamaza. Swali ambalo Mzee halitamki ni hili: ile sifa aliyopigiwa makofi, nani aliilipia? Si yeye. Walilipa mke wake na watoto wake, na hakuna aliyewauliza. Tumezoea kumpima mtoaji kwa ukubwa wa alichotoa, au kwa uso aliotoa nao, wakati kuna jambo la kwanza la kuuliza: mali hiyo imetoka kwenye sahani ya nani?

Swali hilo ni la zamani katika bonde hili, tena ni la zamani kama Injili yenyewe ilivyo huku. Frederick Stanley Arnot, Mskoti wa madhehebu ya Brethren, alifika Bunkeya Februari 1886. Hakuwa na mshahara wa shirika lolote; watu wa imani yake walingoja Mungu awape. Katika nchi hii aliyempokea na kumpa ruhusa ya kukaa alikuwa Msiri, mfalme mwenye asili ya Usumbwa, Tanzania ya leo. Mhubiri wa kwanza wa Katanga alikuwa mgeni wa mtu ambaye baraza lake liliendeshwa na shaba, chumvi, pembe za ndovu na watumwa. Msiri alijua kutoa. Mfalme asiyetoa hana watu. Lakini kila zawadi ya baraza lile ilikuwa imelipiwa tayari na mtu aliyefungwa kamba kwenye njia ya Angola au ya pwani ya mashariki. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs alimuua Msiri, naye Bodson akafia palepale. Watu wakatawanyika na njaa ikaingia Bunkeya. Wamisionari, Dan Crawford akiwa miongoni mwao, wakasogea hadi Lofoi, jirani na hapa. Turudi ghalani.

MAMA: Nawasikia mnabishana juu ya meka moja kana kwamba meka zote ni sawa. Mimi naishi kwa meka, niwaeleze. Mwezi wa tano lori linakuja kununua. Mnunuzi ana meka yake mwenyewe. Ukiitazama, mdomo umegongwa kwa nyundo ukapanuka. Haisawazishi kwa kiganja. Anarundika mpaka punje zinaporomoka pembeni, na zinazoporomoka zinaangukia kwenye turubai lake, si lako. Anasema "moja." Mkulima anaona, lakini anataka pesa ya daftari za watoto na deni la mbolea, basi ananyamaza. Mahindi yaleyale yanafika Lubumbashi. Pale kuna meka nyingine. Hiyo kitako kimebonyezwa kuelekea ndani, na muuzaji anapitisha kiganja juu yake kama anayefuta meza. "Moja." Faida iliyo katikati ya makopo hayo mawili wakati mwingine inaizidi ile ya bei. Nabii Amosi, sura ya 8, aliwajua watu hawa: walingoja sabato iishe wapunguze kipimo.

KATEKISTA: Na Bwana alisema juu ya kipimo kilichoshindiliwa, kikasukwasukwa mpaka kikamwagika.

MAMA: Ndiyo, lakini aliwaahidi hicho wanaotoa, hakuwaahidi wanaojipimia. Sisi tunashindilia tunaponunua. Na mimi msinitoe humo. Nimeuza kwa meka iliyobonyezwa, kwa sababu wenzangu wote waliuza hivyo, na Jumapili nikatoa zaka ya faida yake. Nani mkarimu hapo? Ningeacha kitako kilivyotoka kiwandani, wanawake mia wangepata unga zaidi bila mtu yeyote kuniimbia.

KIJANA: Mama, hiyo ni haki tu. Ukarimu ni kuzidisha juu ya haki.

MAMA: Basi anza na haki, ukimaliza tutaonana kwenye ukarimu. Mimi sijawahi kumaliza.

Nampa Kijana alama zake: hoja yake ni ya kweli. Kipimo sawa si zawadi. Lakini tazama jinsi neno "mchoyo" linavyogawanywa. Mjomba aliyetoa meka moja bure anasemwa kijiji kizima. Mfanyabiashara aliyechukua robo ya kila meka kwa nyundo anaitwa mtu mwenye baraka. Na kopo hilo si jambo dogo: mwaka 2024 ukame ulipoipiga Zambia hadi rais wake akatangaza janga la taifa mwezi Februari, Lubumbashi, ambayo imezoea kungojea unga wa Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, iliona jinsi jiji zima lilivyoning'inia kwenye kopo.

KIJANA: Sawa. Lakini mnamtetea mtu wa kuweka akiba bila kumtaja Yusufu. Miaka saba aliweka nafaka, Misri ikaokoka. Mngemtumia, mngenishinda.

MAMA: Yusufu? Isome sura ya 47 ya Mwanzo kwa sauti mbele ya wakulima wa Lukafu uone. Hakugawa, aliuza. Mwaka wa kwanza akachukua fedha yao yote. Fedha ilipoisha akachukua ng'ombe, mbuzi na punda. Mifugo ilipoisha wakaja wakamwambia hatuna kitu ila miili yetu na mashamba yetu. Akachukua vyote, kwa jina la Farao.

MZEE: Isipokuwa mashamba ya makuhani.

MAMA: Isipokuwa ya makuhani! Papa Katekista, mbona unatazama pembeni?

KATEKISTA: Natazama mvua. Biblia haisemi kwamba alifanya vema, Mama. Inasema alichofanya. Na vizazi vichache baadaye, watoto wa ndugu zake wenyewe ni watumwa katika nchi hiyo ambayo yeye alikuwa amewazoesha watu wake utumwa. Mimi naisoma hivyo. Kuweka akiba kulikuwa busara ya Mungu. Kuuza wakati wa njaa kwa bei ya mwili wa mtu kulikuwa busara ya Yusufu.

Hapa, kwa maoni yangu, ndipo kesi ya mjomba inapogeuka. Meka aliyompa mpwa si ushahidi wa kutosha, si wa kumsafisha wala wa kumtia hatiani. Ushahidi ni yale magunia yaliyobaki. Yanamngoja nani? Kama ni mbegu ya msimu ujao na chakula cha nyumba yake hadi Aprili, mjomba ametoa kilichowezekana. Kama yanangoja Februari, bei ifike kileleni, jirani aje kuweka rehani baiskeli yake, basi hata angempa mpwa gunia zima angebaki Yusufu wa sura ya 47.

KIJANA: Mnahesabu sana. Kutoa ni moyo, si utajiri.

MAMA: Methali hiyo huwa naisikia zaidi kwa wanaopokea.

KIJANA: Mimi natoa, Mama! Nimepanda mbegu. Malaki sura ya 3, leteni zaka kamili, mnijaribu, nitafungua madirisha ya mbinguni. Mwaka jana nilitoa pesa yote ya injini niliyouza. Yote. Sijutii.

MAMA: Mkeo alijua?

KIJANA: ...Alijua baadaye.

MAMA: Baadaye lini?

KIJANA: Shule ilipomrudisha mtoto.

Hakuna aliyecheka. Katekista ndiye aliyesema, na alisema polepole, kwa sababu anampenda Kijana huyu kama walivyo makatekista wengi, ambao huwafundisha hata wale waliokwisha kuwahama.

KATEKISTA: Marko sura ya 7. Walikuwako watu waliosema mali hii ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwatunze nayo baba na mama. Kwa nje ilikuwa sadaka kubwa. Yesu aliwaambia wameitangua amri ya Mungu kwa mapokeo yao. Tazama, mwanangu: Mungu mwenyewe alikataa kupokea kilichotoka kwenye sahani ya mzee. Na Paulo kwa Timotheo, barua ya kwanza, sura ya 5, anasema asiyewatunza walio wake ni mbaya kuliko asiyeamini. Hilo nalo limo katika Biblia ile yenye Malaki.

KIJANA: Kwa hiyo zaka ni uongo?

KATEKISTA: Zaka ni kweli, tena ni nzuri kuliko ulivyofundishwa. Fungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 14. Zaka ilikuwa nafaka, divai, mafuta. Kila mwaka wa tatu haikwenda mbali. Iliwekwa ndani ya malango ya mji wenu, na walioila wanatajwa: Mlawi asiye na shamba, mgeni, yatima, mjane. Ghala la Malaki ni ghala la chakula. Siku hizi ghala lina matairi, linaegeshwa nje ya ukumbi.

MZEE: Polepole, Papa. Hata kwenu magari yapo.

KATEKISTA: Yapo. Sikatai.

MAMA: Wesley wetu, alipokuwa Oxford, mwaka mmoja alipata pauni 30, akaishi kwa 28, akatoa 2. Mwaka uliofuata akapata 60. Aliishi kwa 28 zilezile, akatoa 32. Kadiri mapato yalivyopanda, 28 haikusogea. Mimi hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko asilimia 10. Asilimia 10 ya tajiri haimuumizi, ya maskini inakula dawa ya mtoto. Lakini kusema "hiki kinatutosha" na kukishikilia hata biashara ikikua, hilo ni gumu. Nimejaribu. Kila mwaka cha kutosha kinapanda.

KIJANA: Wesley alikuwa kapera wakati huo.

MAMA: (anacheka) Umenirudishia ya Basili. Haya, imenifika.

KATEKISTA: Basi mimi niseme ya waliooa. Wazazi wangu walikuwa wa Jamaa, ile harakati iliyoanza na Padri Placide Tempels, Mfransisko, alipokwenda Ruwe karibu na Kolwezi mwaka 1953. Maaskofu baadaye waliibana, na sababu zao walikuwa nazo. Lakini ndani ya Jamaa huwezi kuingia peke yako ukamwacha mwenzako nje. Ni baba na mama, wawili pamoja. Nyumbani kwetu pesa ilikaa mezani, wote wawili wakaitazama, ndipo ikajulikana inakwenda wapi. Baba alitoa kidogo kuliko wanaume wengine wa kambi. Mama yangu hakuwahi kushtukia kitu.

Kinyume cha meza hiyo ni kilio. Hapo sitakaa sana, kila mtu anajua. Mgonjwa alikosa pesa ya sindano. Marehemu amepata jeneza la vioo, mahema, muziki na ng'ombe. Daftari la michango linasomwa kwa sauti, na ni kwa sababu linasomwa kwa sauti ndiyo maana linajaa. Mathayo sura ya 6 ilishaliona daftari hilo.

MZEE: Kuna lingine nataka kulisema. Mwaka 1992, Agosti, Likasi. Wengine wenu mlikuwa watoto au hamjazaliwa. Siasa ya Kinshasa ilichemka, ikamwagikia kwetu. Tukaambiwa Wakasai warudi kwao. Watu waliozaliwa Likasi, waliozika wazazi wao Likasi. Walifukuzwa majumbani, wakarundikana stesheni na kwenye shule, wakingoja treni wiki baada ya wiki, watoto wakiharisha chini ya mabehewa. Jirani yangu alikuwa Mluba wa Kasai. Tulikunywa munkoyo kwenye kikombe kimoja. Aligonga usiku. Aliniomba nimwekee cherehani na vyombo, kisha akaniomba niwalaze wao siku mbili. Cherehani niliipokea.

KIJANA: Na wao?

MZEE: Niliwaambia stesheni ni salama zaidi. Wiki ileile nilikuwa nimechanga vizuri sana kwa kilio cha binamu yangu. Ungeniuliza siku hiyo kama mimi ni mchoyo, ningekuonyesha daftari. Ndiyo maana nasema, mnanichosha na mpwa huyu. Mpwa ni damu. Hata mwizi humlisha mpwa wake. Katika Luka sura ya 6 Bwana anauliza, mkiwapenda wanaowapenda mna sifa gani, maana hata wenye dhambi hufanya vivyo.

KATEKISTA: Cherehani ilikuwaje?

MZEE: Hakurudi kuichukua.

Wanaohubiri ukarimu kwetu husifu undugu wa Kiafrika kana kwamba ndio Injili yenyewe. Undugu ni mzuri, nami nimelelewa nao. Lakini kuna uchoyo unaokaa ndani ya undugu bila kuonekana, kwa sababu wote walio ndani wanashiba. Mtu mmoja akijifungia na gunia tunamwona. Ukoo mzima ukijifungia na gunia tunauita mshikamano. Msamaria wa Luka 10 hakumpa ndugu yake kitu. Tunavyosimuliwa, siku ile hata hakukutana na ndugu yake.

KIJANA: Sawa, nimepigwa pande zote. Lakini mpwa bado amesimama mlangoni na meka moja. Mmesema mengi, hajala.

MZEE: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Januari ni palizi. Mjomba ana shamba, mpwa ana mikono. Kosa la mjomba silo meka. Alimpa kopo siku ya kumpa jembe.

KIJANA: Na amlipe nini? Ninawajua wajomba wa jembe. Unapalilia mwezi mzima kwa chakula, mwisho unaambiwa wewe ni mtoto wa nyumbani, watoto wa nyumbani hawalipwi.

MAMA: Hapo umesema. Gunia moja kwa mwezi, lipimwe kwa meka isiyobonyezwa, na nusu yake itangulie Katuba mapema kwa dereva.

KATEKISTA: Mimi nafikiria mbali zaidi ya mjomba. Nyuma ya kanisa kuna chumba. Mwezi wa tano, kabla lori halijafika, kila nyumba ilete kiasi. Januari anayehitaji anakopa, wa kanisa letu na asiye wa kanisa letu, aliyezaliwa Lukafu na aliyekuja kuchoma makala. Mavuno yakija anarudisha. Meka iwe moja, iliyofungwa kwa mnyororo, ya kuingizia na ya kutolea ileile.

MZEE: Na makufuli mawili. Ufunguo mmoja kwako, mwingine kwa Mama.

MAMA: Mimi nakubali, ila anayekopa meka kumi arudishe kumi na moja.

KIJANA: Riba! Walawi sura ya 25, usimpe ndugu yako maskini chakula kwa kutaka faida. Leo nimekupata, Mama.

MAMA: Si faida. Mahindi yanakaa miezi minane ndani ya chumba, fukusi hawali zaburi. Bila dawa, Januari utafungua mlango ukute unga ambao hakuna aliyeusaga. Dawa inanunuliwa Lubumbashi kwa pesa taslimu. Ile meka ya kumi na moja ndiyo dawa.

KIJANA: Basi dawa itolewe bure na mtu mwenye nafasi, anayekopa arudishe kumi kwa kumi.

MAMA: Mtu gani?

KIJANA: Mtu yeyote.

MAMA: Jina.

KIJANA: ...Ni pesa ngapi hiyo dawa?

MAMA: Nitakuandikia. Umwonyeshe mkeo kwanza, kisha uje.